Nani aliwaona samaki wa Mtakatifu Antoni?

SWALI: Shikamoo mwalimu, na Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katekista katika kigango kimoja huku Mbinga, nafundisha watoto wa Kipaimara. Mwezi wa sita, sikukuu ya Mtakatifu Antoni wa Padua, niliwasimulia jinsi alivyowahubiria samaki wakatoa vichwa majini kumsikiliza, na jinsi mnyama wa mzushi mmoja alivyopiga magoti mbele ya Ekaristi. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, nani aliwaona hao samaki?" Darasa zima likacheka, nami nikakosa la kusema. Jioni kwenye jumuiya mzee mmoja msomi akaongeza kwamba miujiza yote ya watakatifu wa zamani ni hekaya zilizotungwa ili makanisa yapate sadaka. Je, enzi zile kulikuwa na mtu yeyote aliyeyachunguza mambo haya? Na picha ya samaki niliyoibandika darasani, niiondoe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Milele amina.

Nianze na huyo kijana, maana swali lake limetupita sote. "Nani aliwaona?" ndilo swali ambalo majaji waliotumwa na Papa waliwauliza mashahidi miaka mia saba iliyopita, tena baada ya kiapo, karani akiwa pembeni anaandika. Majirani zetu Waislamu wanalijua vizuri: kabla ya kuipokea hadithi, unataka kujua aliyeisimulia aliipokea kwa nani, na huyo naye aliipokea kwa nani. Nimefundisha historia ya Kanisa miaka mingi, na mwanafunzi wa namna hiyo nikimpata humpa kiti cha mbele. Usimkemee.

Sasa tumpeleke Antoni mbele ya swali hilo.

Alizaliwa Lisbon mwishoni mwa karne ya 12, akabatizwa kwa jina la Fernando. Alifia Arcella, nje kidogo ya Padua, tarehe 13 Juni 1231. Papa Gregori IX alimtangaza mtakatifu mjini Spoleto tarehe 30 Mei 1232. Hesabu mwenyewe: hata mwaka haukutimia. Wakati huohuo ndugu mmoja Mfransisko, ambaye hakuacha jina lake, aliandika maisha ya kwanza ya Antoni. Kitabu hicho tunakiita Assidua, kwa neno lake la kwanza la Kilatini, na mwishoni mwake kuna orodha ya miujiza. Wamo viwete, vipofu, viziwi na wenye kifafa. Ni watu wa Padua na vijiji vya jirani, na karibu wote waliponea kaburini, baada ya Antoni kufa. Samaki hawamo. Mnyama aliyepiga magoti hayumo.

Hebu fikiri. Mji mzima unataka mtakatifu wake, shirika changa la Wafransisko linataka mtakatifu wake wa pili, mwandishi ana kila sababu ya kujaza kurasa. Samaki wa Rimini, mji ambako kisa kinasema walimsikiliza Antoni, wangekuwa wametoa vichwa mbele ya umati wa watu miaka michache tu kabla, je, angesahau kuwaandika? Mimi siamini hivyo. Visa hivyo viwili vinajitokeza katika maandishi ya mwishoni mwa karne ya 13, walioshuhudia maisha ya Antoni wakiwa wengi wao wameshakufa, kisha vinanenepa katika mikusanyo ya karne ya 14. Na huyo mnyama (ni nyumbu, mtoto wa punda na farasi, usije ukawachorea watoto yule wa Serengeti) ana tatizo la ziada. Miji mitatu inamgombania: Rimini ya Italia, Toulouse na Bourges za Ufaransa. Shahidi akisema tukio moja lilitokea miji mitatu, hakimu humwomba ashuke kizimbani.

Kwa Fransisko wa Asizi, mwanzilishi wa Wafransisko, mambo yako vilevile. Ndege aliowahubiria wamo katika maisha yake ya kwanza, aliyoyaandika Thomas wa Celano mwaka 1228, miaka miwili tu baada ya kifo. Mbwa mwitu wa Gubbio, yule mkali ambaye Fransisko alimtuliza na ambaye watoto wanampenda kuliko ndege wote, hayumo humo. Anakuja baadaye sana. Maoni yangu, na unaweza kuyakataa, ni kwamba samaki wa Antoni walizaliwa na ndege wa Fransisko: baba ana wa angani, mwana naye apewe wa majini. Isitoshe kisa chenyewe kina shabaha. Antoni alihubiri sehemu ambako Wakathari walikuwa wengi, watu waliokuwa wakiupinga ukasisi na sakramenti. Kisa kinasema binadamu walipoziba masikio, viumbe wasio na akili wakayafungua. Hayo ni mahubiri yaliyovalishwa nguo za tukio. Kitabu cha maisha ya mtakatifu kiliitwa legenda, yaani "cha kusomwa", kwa kuwa kilisomwa kwa sauti siku ya sikukuu yake. Msomaji na wasikilizaji walijua wamekuja kujengwa kiroho. Hawakuja kupokea ripoti ya polisi.

Lakini mzee wa jumuiya asianze kushangilia. Amesema "yote", na neno hilo ndilo linalomponza.

Hapo mwanzo mtakatifu alitangazwa na watu wa mahali pake pamoja na askofu wao. Wa kwanza tunayemjua kutangazwa na Papa ni Ulrich wa Augsburg, mwaka 993. Taratibu Roma ikaanza kudai ushahidi. Mwaka 1199 Papa Inosenti III, alipomtangaza Homobonus, mfanyabiashara wa nguo wa Cremona, alieleza kwamba mambo mawili yanatakiwa, mwenendo mwema na ishara, tena yote mawili, kwa sababu shetani naye anaweza kujigeuza malaika wa nuru. Mwaka 1234 Gregori IX akaliweka katika sheria kwamba bila idhini ya Papa hakuna kutangaza mtakatifu. Kuanzia hapo muujiza ukageuka kesi. Ukatumiwa tume, wakaitwa mashahidi, yakaandaliwa maswali.

Nikupe kesi moja, ile ninayoipenda kuliko zote, maana aliyefanyiwa muujiza alikuwa mhalifu wa kunyongwa.

Novemba 1290, mjini Swansea, kusini mwa Wales, kabaila William de Briouze alimhukumu mtu mmoja wa Wales kunyongwa. Jina lake halisi lilikuwa William ap Rhys, lakini watu walimwita William Cragh, jina la utani lenye maana ya mwenye ukurutu. Alishtakiwa kwa uasi na mauaji. Mke wa kabaila, Bibi Mary, alimwombea msamaha, mumewe akakataa. Cragh akapandishwa mti wa kunyongea pamoja na mwenzake, Trahaearn ap Hywel, mtu wa miraba minne. Boriti ikavunjika, wote wawili wakaanguka. Haikusaidia kitu: Cragh alitundikwa tena, akaachwa aning'inie.

Bibi Mary akaomba apewe mwili. Ukabebwa hadi nyumba ya mwenyeji mmoja mjini. Mashahidi waliouona hawakuficha kitu, na mimi sitakuficha, ingawa kwa watoto wa Kipaimara upunguze kidogo: uso mweusi, macho yametoka nje ya matundu yake, ulimi umevimba unaning'inia nje ya kinywa, na haja zote zimemtoka. Bibi Mary akapiga magoti akamwomba Thomas de Cantilupe, aliyekuwa askofu wa Hereford, amrudishie mtu huyu uhai. Kisha wakampima Cragh kwa uzi.

Kupima kwa uzi ilikuwa desturi ya Waingereza wa zama zile. Mgonjwa au maiti anapimwa urefu, na uzi huohuo unakuwa utambi wa mshumaa utakaowashwa kaburini kwa mtakatifu. Ni nadhiri unayoweza kuishika mkononi. Kwa wanahistoria uzi huo una faida nyingine: unatuonyesha kwamba ombi lilitolewa kabla ya kupona. Mashahidi hawakulibuni baadaye.

Baada ya muda mguu ukasogea. Ulimi ukaanza kurudi ndani. Ilichukua siku kadhaa kabla hajaweza kusimama, na alipopata nguvu akatembea kwa miguu hadi Hereford, peku, kitanzi shingoni, na kabaila yuleyule aliyemnyonga akaenda pamoja naye na mkewe kutoa shukrani.

Mpaka hapa ni kisa kama visa vingine. Kinachokitofautisha na samaki ni yaliyofuata. Papa Klementi V aliteua tume mwaka 1306, na mwaka 1307 wajumbe wake watatu, Ralph Baldock askofu wa London, William Durand askofu wa Mende wa Ufaransa, na William de Testa, mtumishi wa Papa wa mambo ya fedha, walikaa kusikiliza, kwanza London kisha Hereford. Kuhusu Cragh peke yake waliwahoji mashahidi tisa. Bibi Mary, mjane sasa, alieleza kwa Kifaransa. Mwanawe wa kambo, aliyerithi ukabaila, naye akaapishwa. Kasisi wa nyumba yao pia. Na huko Hereford akasimama Cragh mwenyewe, mzima wa afya, akatoa ushahidi kwa Kiwelisi kupitia wakalimani, miaka kumi na saba baada ya kunyongwa. Alisema askofu mwenye mavazi meupe alimwokoa.

Soma maswali yao uone kama ni watu wa kudanganyika kirahisi. Alining'inia muda gani? Kitanzi kilikaza au kilifungwa kwa hila ili asife? Mlijuaje amekufa? Alipewa dawa, mitishamba au mawe yoyote? Nani mwingine alikuwepo, na yuko wapi tumwite? Yalitamkwa maneno gani wakati wa kuomba? Majibu hayakulingana yote. Wapo waliokosea mwaka, wapo waliotofautiana kuhusu saa, hata umri wa Cragh haukupatikana vizuri. Mimi tofauti hizo hunipa imani zaidi. Mashahidi tisa wakisema neno kwa neno baada ya miaka kumi na saba, ujue kuna mtu aliyewafundisha.

Sasa swali gumu. Je, alikufa kweli akafufuka?

Kwamba alitundikwa, akaonekana maiti, kisha akaishi, sina shaka nalo. Kwamba roho ilikuwa imeacha mwili, hati haiwezi kutufikisha huko. Siku zile hawakumwangusha mtu kutoka juu ili shingo ikatike. Utaratibu huo ni wa karne ya 19. Walimtundika akabanwa pumzi polepole, na kifo cha namna hiyo hakina saa kamili. Mwaka 1650 huko Oxford mtumishi wa kike aliyeitwa Anne Greene alinyongwa, akawekwa jenezani, akapelekwa kwa madaktari wampasue kwa ajili ya masomo. Walipofungua jeneza wakamkuta anapumua. Akaishi, akaolewa, akazaa. Juu yake watu walisema Mungu ameonyesha kuwa hana hatia, na madaktari wakaandika jinsi walivyomtibu. Kwa hiyo daktari wa leo akikwambia Cragh alizimia sana hajasema jambo la kijinga. Na Mkristo akikwambia kwamba Mungu aliyemrudisha pumzi hakulazimika kungoja hadi pumzi ya mwisho iishe, naye sioni alipokosea. Tume ya mwaka 1307 ililijua pengo hilo. Ndiyo maana iliuliza habari za kitanzi na dawa.

Nirudi kwa mzee na sadaka zake, maana hapo ana nusu ya ukweli na si vizuri kumnyima. Thomas de Cantilupe alikufa Italia mwaka 1282, baada ya kutengwa na Kanisa. Aliyemtenga alikuwa John Pecham, Askofu Mkuu wa Canterbury, kwa ugomvi wa madaraka, na Thomas alikuwa amekwenda kukata rufaa kwa Papa. Mwili wake ulichemshwa ili mifupa isafirishwe hadi kwao, jambo la kawaida kwa wakubwa waliofia mbali. Mwaka 1287 masalia yake yalihamishiwa kaburi jipya katika kanisa kuu la Hereford, na miujiza ikaanza kumiminika mwaka huohuo. Walinzi wa kaburi waliandika zaidi ya 400 kwa miaka iliyofuata. Ukiniuliza kama Hereford walikuwa na hamu ya kumsafisha askofu wao na kuleta mahujaji, nitakujibu ndiyo bila kusita. Roma nayo iliona hivyohivyo, kwa maana kabla ya kusikiliza miujiza waliamuru ichunguzwe kwanza kama marehemu alikufa akiwa bado ametengwa. Ilichukua hadi tarehe 17 Aprili 1320 ndipo Papa Yohane XXII alipomtangaza mtakatifu, miaka 38 baada ya kifo. Linganisha na Antoni na mwaka wake mmoja.

Ila "hekaya za kutafuta sadaka" haziwezi kueleza vitu ambavyo wajumbe wa tume walivihesabu kuzunguka kaburi lile mwaka 1307. Sanamu za merikebu 170 za fedha, na nyingine 41 za nta. Sanamu 1,424 za nta za watu au viungo vyao: mikono, miguu, macho, vichwa. Magongo 108. Mabaharia waliookoka dhoruba, mama aliyeona jicho la mwanawe likifunguka, mtu aliyekuja kwa gongo akarudi bila gongo. Inawezekana wengine walikosea kuhusu kilichowaponya. Inawezekana baadhi ya waliotupa magongo waliyatafuta tena wiki iliyofuata, na ya hao hatuyaoni, kwa sababu aliyerudia kuugua haleti sanamu. Lakini watu wale hawakusomewa hekaya wakailipia. Walileta shukrani kwa jambo walilolipata mwilini mwao.

Tena asidhani Kanisa lilimeza kila kilicholetwa mezani. Katikati ya karne ya 13, Mdominiko mmoja aitwaye Stefano wa Bourbon alikuwa akiungamisha wanawake vijijini karibu na Lyon, akasikia mara kwa mara wakitaja Mtakatifu Guinefort, mponya watoto. Akapeleleza Guinefort ni nani. Akagundua ni mbwa. Walisimulia kwamba bwana wake alirudi nyumbani akamkuta ana damu kinywani na kitanda cha mtoto kimepinduka, akamuua papo hapo, kisha akamkuta mtoto mzima na nyoka amekufa pembeni. Mbwa akazikwa, wanavijiji wakaanza kupeleka wagonjwa wadogo kaburini kwake. Stefano aliamuru mifupa ifukuliwe na miti ya mahali pale ichomwe. Ibada ya Guinefort haikuisha hapo, iliendelea kwa karne nyingi, jambo linalonifundisha kwamba mama mwenye mtoto mgonjwa haulizi karatasi za Roma. Roma nayo haikuuliza mama wangapi wanaamini.

Na kama mzee bado anatikisa kichwa akisema hayo ni mambo ya Wazungu wa kale, mkumbushe mashahidi wa Uganda, yaani wafiadini. Paulo VI alipowatangaza watakatifu Karoli Lwanga na wenzake tarehe 18 Oktoba 1964, muujiza uliopelekwa ulikuwa kupona kwa masista wawili waliougua tauni huko Uganda mwaka 1941. Maswali ya msingi yalikuwa ndugu na yale ya Cragh: ugonjwa gani, nani aliuthibitisha, dawa gani, walimwomba nani na lini.

Sasa darasani. Kwanza uondoe hofu: hakuna anayekudai uamini samaki. Tamka Nasadiki yote, ile fupi na ile ndefu, samaki hutawakuta. Kanisa likimtangaza mtu mtakatifu linasema yuko mbinguni na anafaa kuigwa. Halitii muhuri kila kisa kilichosimuliwa juu yake. Mimi binafsi nampenda sana Antoni, namwomba nikipoteza miwani, wala nyumbu wake hajawahi kunizuia.

Pili, mpe kijana kazi. Katika kila kisa cha mtakatifu mtakachosoma mwaka huu, atafute mambo matatu: aliyeona, aliyeandika, na miaka iliyopita kati ya hao wawili. Atawapata ndege wakiwa karibu, mbwa mwitu akiwa mbali. Ukifika kwa Antoni, mpe pia ulimi wake. Mwaka 1263 kaburi lilifunguliwa mbele ya Bonaventura, mkuu wa Wafransisko wote wakati huo, mwili ukakutwa umeoza na ulimi ukakutwa haujaoza. Upo hadi leo katika basilika ya Padua, ndani ya chombo cha masalia. Abishane na huo, una uzito kuliko samaki elfu.

Picha iache ukutani, watoto wanaipenda na mhubiri yeyote aliyewahi kuongea na watu wanaosinzia anaielewa. Chini yake usiandike mwaka.